Binti yangu anataka fidla iwe kazi yake. Niuze shamba la minazi?

Bi Mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni fundi wa kuchonga, nakaa Langoni, Lamu. Nachonga milango, makasha na viti vya enzi, kazi niliyofunzwa na marehemu baba yangu. Nina watoto wanne, na barua hii ni ya huyu wa tatu, binti wa miaka 17 aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka jana.

Alipokuwa na miaka 10 tulimpeleka Mombasa akae kwa mjomba wake ili asome. Mjomba huyo hupiga fidla kwenye taarabu za harusi. Mtoto akawa kila akitoka shule anamwangalia, mwisho mjomba akampa fidla kuukuu na kumwonyesha vidole. Baadaye akapata mwalimu wa shule aliyemfundisha kusoma nota, akaenda mashindano ya muziki ya shule, na amefaulu mtihani wa daraja la tano, ile mitihani inayotoka Uingereza. Hayo yote nilikuwa nikiambiwa kwa simu, nami nikijibu mashaallah, nikidhani ni mchezo wa shule kama mpira.

Sasa amerudi nyumbani. Kila alfajiri baada ya swala anapanda darini na fidla yake, na usiku anapanda tena. Mwezi uliopita alituketisha mimi na mamake akatuambia kwamba uuguzi hautaki. Anataka kuwa mpiga fidla wa okestra, zile za watu themanini waliovaa nguo nyeusi, na hiyo ndiyo iwe kazi yake ya maisha. Mamake alilia. Mimi sikusema neno, kwa kuwa sikujua la kusema. Hata sijui kama watu hao wana mshahara au hutunzwa tu kama harusini.

Kuna jingine. Huko kwenu Malindi kuna mtu anayefungasha kurudi kwao Ulaya, anauza fidla. Ametutumia picha. Ndani kuna karatasi yenye jina la Stradivarius na mwaka 1721, na chini yake pameandikwa kwa Kiingereza kwamba imetengenezwa Ujerumani. Anataka shilingi 850,000, na anasema huko Ulaya ingeuzwa mamilioni. Nina shamba la minazi upande wa Kipungani, urithi wa baba. Mnunuzi nimempata, anangoja jibu langu mwisho wa mwezi.

Majirani wanasema namwachia mtoto wa kike apotee. Je, kazi hiyo ipo kweli? Na shamba niuze?

Fundi, Langoni


Waaleikum salaam, Fundi.

Shamba usiuze. Nimeanza na hilo kwa sababu mnunuzi anangoja na mwisho wa mwezi hauko mbali. Mengine tutayazungumza polepole.

Antonio Stradivari, ambaye kwa Kilatini jina lake huandikwa Stradivarius, alikuwa fundi wa mbao kama wewe, mtu wa mji wa Cremona, Italia, na alifariki 1737. Vyombo vyake vilivyobaki duniani ni kama 650, na wanaovijua wanafahamu vingi vyavyo viko wapi na mikononi mwa nani. Fundi wa Cremona wa 1721 hakuwa na sababu ya kuandika Kiingereza ndani ya fidla yake, sembuse kuitaja Ujerumani. Maneno hayo ya nchi ilikotoka bidhaa yalienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, iliyodai kila kitu kinachoingizwa kiandikwe kimetoka wapi. Wakati huo viwanda vya Ujerumani na Bohemia, ambayo leo ni Ucheki, vilikuwa vikitoa fidla kwa maelfu, na ndani vilibandika jina la Stradivarius kuonyesha umbo lililoigwa. Simwiti muuzaji mwongo. Watu wengi wamerithi fidla za namna hiyo kwa babu zao na wanaamini kwa moyo safi. Fidla yenyewe huenda ikawa nzima na yenye sauti njema. Ila bei hiyo si yake, wala kwa bei hiyo usitoe hata nazi moja.

Na kwa kuwa wewe unaijua mbao, nikwambie la kuangalia siku utakapoletewa nyingine. Uso wa mbele wa fidla ni mbao laini ya jamii ya msonobari, yenye mistari iliyonyooka na kukaribiana. Mgongo ni mbao ngumu zaidi. Vipande vimeshikwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu. Imechaguliwa makusudi, ili kiungo kiachie kabla ubao haujapasuka, kwani kiungo hurudishiwa gundi ila ufa ni msiba. Hewa yetu ya chumvi na jasho la masika huifungua fidla kama chaza. Kwa hiyo pitisha ukucha pembeni kote, usikilize palipoachia. Kisha chungulia kwenye tundu za uso: ndani utaona kijiti kimesimama baina ya uso na mgongo, hakikugundishwa, kimebanwa tu. Kikisogea hata upana wa uzi, sauti yote hubadilika. Waitaliano hukiita anima, yaani roho. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilimkumbuka babu yangu, aliyekuwa akigonga jahazi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Umeuliza kama kazi hiyo ipo. Ipo, na mimi nimekula kwayo. Nilizaliwa Shela, hii ya Malindi si ile ya kwenu, na kwa miaka 14 nilikaa kwenye fidla za pili katika okestra ya mji mmoja wa Ujerumani. Nilikuwa na mshahara wa kila mwezi, bima na likizo, sawasawa na mwalimu au karani wa baraza la mji. Ujerumani ina okestra zaidi ya 100 zinazoendeshwa kwa fedha za umma, na ndiyo maana vijana wa dunia nzima hukimbilia huko. Uingereza mambo ni mengine: okestra kubwa za London nyingi wapigaji wake wamejiajiri, hulipwa kwa kila kazi, na wiki isiyo na kazi haina pesa. Marekani zile chache kubwa kabisa humlipa mpigaji zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka, lakini viti hivyo huhesabika. Karibu nasi kuna Cape Town, na kuna Cairo yenye okestra yake ya simfonia tangu 1959. Hapa Kenya tuna Nairobi Orchestra, iliyoanza 1947, lakini wengi wanaokaa humo wana kazi nyingine ya kuwalisha na hupiga kwa mapenzi. Usimfiche binti hilo. Akitaka kula kwa fidla ya okestra peke yake, atavuka bahari.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, kwa maana naona wewe na mamake mnaiogopa kwa sababu hamjaiona, naye anaipenda pengine kwa sababu hiyo hiyo.

Okestra kubwa huwa na fidla za kwanza kama 16 na za pili kama 14. Hao 14 hupiga sauti moja, kwa wakati mmoja, na upinde wa kila mmoja hupanda na kushuka pamoja na wa mwenzake. Nani apandishe wapi huamuliwa na anayekaa mbele, na wengine huandika kwa penseli kwenye nota zao na kutii, hata kama mkono wako unataka vingine. Watu wawili hutazama stendi moja ya nota. Anayekaa upande wa ndani ndiye anayefunua ukurasa, na kwa nukta hizo mbili huacha kupiga ili mwenzake aendelee. Mimi nilifunua kurasa miaka sita. Na hizo fidla za pili hazina wimbo mara nyingi. Wimbo wanao wa kwanza. Sisi tuko chini yao, tunashika mwendo, tunajaza sauti ya kati ambayo msikilizaji haiulizi ila ikiondolewa angedhani taa zimefifia. Ukisikika peke yako, umekosea.

Mazoezi ya pamoja ni saa mbili na nusu au tatu, mara nyingine asubuhi na alasiri siku ile ile, kisha jioni kuna onyesho. Wiki inayofuata muziki ni mwingine kabisa. Kabla ya kuingia kwenye mazoezi hayo unatakiwa uwe umekwisha kujifunza sehemu yako nyumbani, saa ambazo hakuna anayezihesabu. Mwili nao hulipa. Shingo imeinama kushoto, mkono wa kushoto umepindwa, tarumbeta ziko nyuma ya kichwa, na sikio la kushoto liko shubiri moja kutoka kwenye nyuzi. Mimi niliacha kwa sababu ya bega. Nilikuwa nimeyaficha maumivu miaka miwili, nikiogopa kupoteza kiti, na hilo ndilo kosa ninalolijutia zaidi katika maisha yangu ya kazi. Binti akilalamika mkono, apumzike siku ile ile, hata kama mtihani ni kesho.

Nakuambia haya si kumtisha. Wewe unapochonga fremu ya mlango, ua la mwisho chini kabisa, lile ambalo punda watapita wakilisugua, unalichonga sawa na la juu. Anayeweza kufurahia kulichonga lile la chini ndiye anayefaa okestra. Anayetaka jina lake liandikwe mlangoni atafute kazi nyingine ya muziki, na zipo nyingi, wala si aibu.

Kiti hupatikana kwa usaili. Nafasi moja huweza kuombwa na watu zaidi ya 100. Unaingia chumbani, mbele yako pazia limeshuka, na nyuma yake wamekaa wapigaji wa okestra ile. Hawakuoni. Okestra ya Boston ilianza kutumia pazia 1952, zikafuata nyingine nyingi, na mahali pengine hutandikwa zulia ili hata kishindo cha viatu kisiseme kama aliyeingia ni mwanamke au mwanamume. Huulizwi jina wala umetoka wapi. Unapiga mwanzo wa konseto, yaani muziki wa mpigaji mmoja mbele ya okestra, ya Mozart, ya nne au ya tano, kisha konseto kubwa ya karne ya 19 ukifika raundi hiyo, kisha vipande vya kazi za okestra vinavyoulizwa kila mahali: ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Richard Strauss, ile sehemu ya mbio katika simfonia ya pili ya Schumann. Mara yangu ya kwanza nilisikia "asante" kabla dakika mbili hazijaisha, nikarudi kwa treni, mwendo wa saa tano. Nilifanya usaili mara 11 bila kupata. Wa 12 nilipewa kiti, na hata hapo nikawa chini ya majaribio mwaka mzima, mwisho wake wenzangu wakapiga kura kama nibaki.

Majirani wanaosema mtoto wa kike atapotea, waambie vizuri tu kwamba hofu hiyo hata Wazungu walikuwa nayo, kwa namna yao. Okestra ya Berlin, mojawapo ya kubwa duniani, ilimpokea mwanamke wa kwanza 1982, mpiga fidla aitwaye Madeleine Carruzzo. Ile ya Vienna ilikubali wanawake 1997. Mlango huo umefunguliwa juzi, nao ulifunguliwa na wanawake waliopiga vizuri kuliko hofu hiyo. Mavazi ya kazi ni meusi, marefu, ya kufunika mikono, mama yangu aliponiona kwenye picha alisema, "Kumbe ni buibui." Kuhusu dini, mimi si sheikh, na sitajivika kilemba kisicho changu. Kaa na unayemwamini, umweleze kazi ilivyo, bila kuichanganya na vilabu vya usiku, kisha fuata dhamiri yako. Mji wako unajua Maulidi na matari kuliko mji mwingine wowote wa pwani, hamtakosa mtu wa kuzungumza naye kwa utulivu.

Lililo gumu ni umri. Wengi wa watakaosimama naye mbele ya pazia lile walishika fidla wakiwa na miaka mitano, sita, saba, kila wiki na mwalimu. Binti yako alianza baada ya 10, kwanza kwa sikio. Daraja la tano ni kazi nzuri kwa njia aliyopitia, lakini mitihani hiyo ina madaraja manane, na vyuo vikubwa vya muziki vya Ujerumani hutaka mtu aliyevuka la nane. Inamaanisha ana miaka miwili au mitatu ya kazi ngumu kabla ya kujaribu hata kuomba, kisha miaka minne ya chuo, kisha usaili. Huenda asipate kiti. Ningekuwa mwongo nikikuficha. Ila sikubaliani na wanaosema kwamba aliyeanza kwa taarabu amechelewa mara mbili. Mjomba amempa sikio. Mtoto aliyezoea Rasti na Bayati, zile maqamu za taarabu, aliyejua kuweka kidole mahali ambapo piano haina kitufe, husikia upotofu wa sauti mapema kuliko wenzake. Mwalimu wangu mmoja alinitaka nisahau mtelezo wa vidole niliotoka nao nyumbani. Kazini niliuacha, kweli, kwa sababu watu 14 hawawezi kuteleza kila mmoja kwa njia yake. Lakini chumbani kwangu nilifunga mlango na kupiga taarabu kila Alhamisi, na bila hiyo nisingemaliza hata mwaka wa pili wa baridi ile.

Kwa hiyo fedha zako zipeleke wapi? Kwa mwalimu. Fidla aliyo nayo, kama mjomba anasema bado inasimama, itamtosha mwaka mmoja zaidi ikipelekwa kwa fundi wa fidla Nairobi ibadilishwe nyuzi na upinde utiwe nywele mpya. Mwalimu mbaya hukarabatiwa kwa taabu zaidi. Lamu hatampata. Mombasa anaye mjomba, na mahali pa kulala pasipo kodi ni nusu ya ada. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanza 1944, na kuna okestra za vijana. Mwandikieni kila mmoja mkiuliza masharti ya umri, kwa kuwa kwa miaka 17 baadhi ya milango inakaribia kufungwa. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha muziki kwa shahada, naye akiingia huko mamake atapata cheti cha kutuliza moyo, kwani ualimu wa muziki ni kazi ya kweli. Na Unguja kipo chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichoanza 2002, ambako fidla, kanuni na udi hufundishwa chini ya dari moja. Ulizeni ada na nafasi kabla ya kufunga safari. Uza nazi, Fundi, mnazi uache usimame. Mavuno ya shamba yalipe masomo mwaka hadi mwaka, na mwisho wa kila mwaka mkae mtazame amefika wapi. Siku akipokelewa chuo nje, ndipo mzungumze habari ya fidla kubwa. Vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula, na chakula na kodi ya chumba kokote huko ni mzigo wenu.

Huyo mama aliyelia, msimwache nje ya mazungumzo. Uuguzi si adui. Nilifanya kazi na mtu aliyesomea udaktari kwanza.

Kabla ya hayo yote, nataka ufanye jambo moja nyumbani kwako. Mwite mjomba aje Lamu wiki moja. Jioni mkae dakani, mjomba apige wimbo anaoujua vizuri, na binti apewe ile sauti ya chini, isiyo na wimbo, ya kushika mwendo tu. Asipewe zamu ya kuongoza hata mara moja. Jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wewe usimtazame vidole, hutajua kitu. Mtazame uso. Ukimwona siku ya tatu bado anaegemea kwa mjomba kumsikiliza, akifurahi pale sauti mbili zinapokaa pamoja bila mtu kujua ipi ni yake, basi niandikie tena, nami nitakuelekeza namna ya kuandika barua za Nairobi. Ukimwona anangoja zamu yake, niandikie pia.